Oili ya kilomita za mwanzo

Morogoro, mtu akisema ana injini mpya, mara nyingi anazungumzia bodaboda iliyotoka dukani juzi au Canter ya mizigo iliyofunguliwa injini ikafungwa pistoni na ringi mpya. Magari yetu mengi huja yakiwa yameshatumika Japani.

Fundi akishasugua silinda, ukutani hubaki mikwaruzo myembamba inayokatana. Pitisha kucha utaisikia. Mikwaruzo hiyo hushika oili, na ncha zake ndizo zinazolika taratibu hadi ringi zikae sawasawa. Hapo panatakiwa msuguano kiasi. Ukimimina oili ya sintetiki ya bei mbaya, yenye viambato vya kupunguza msuguano, ringi zinaweza kuchelewa kukaa, na wewe ukabaki kuongeza oili huku moshi wa bluu ukikufuata. Kwa injini iliyofunguliwa, mimi nachagua oili ya kawaida isiyo sintetiki, unene ule uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Gari jipya la kiwandani ni habari nyingine: waliolitengeneza wameshalijaza oili wanayoijua, hata ikiwa sintetiki. Usiimwage kwa ujuaji.

Kwa bodaboda, tafuta maandishi JASO MA kwenye kopo. Pikipiki nyingi klachi yake inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na oili laini ya gari dogo inaweza kuifanya iteleze.

Halafu kuna desturi ya gereji ya kuiacha injini ikiunguruma kutwa nzima "ili izoee". Haizoei. Kinachoisukuma ringi ukutani ni shinikizo la gesi inayoungua, na injini isiyo na kazi haina shinikizo la maana. Bora uende Dumila na kurudi, gari likiwa na mzigo mdogo, ukipandisha na kushusha mwendo. Safari ya kufuata kabichi Nyandira ingoje: kile kilima cha kutoka Sangasanga kwenda huko, kwa gia ndogo na mzigo, kinachemsha hata injini iliyozoea.

Kwa bodaboda na injini iliyofunguliwa, oili ya kwanza imwage mapema, pamoja na filta. Vitabu vingi vya pikipiki vinataja kati ya kilomita 500 na 1,000. Ikinge kwenye beseni, iangalie juani. Ikimetameta kwa chembe laini za chuma, ni kawaida. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa vidole, usijaze mpya. Mwite fundi avione kwanza.