Faharasa ya Wachache

Takwimu za zahanati na vituo vya afya vya Wilaya ya Chamwino hupita katika MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Siku hizi mfumo huo unatumia DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, inayohifadhi data zake katika kanzidata ya PostgreSQL. Takwimu ikifutwa humo haiondoki papo hapo: inabaki jedwalini, na safuwima moja ya ndiyo na hapana inawekewa alama kwamba imefutwa. Mafundi wengi wa kanzidata wamelelewa na kanuni kwamba safuwima yenye majibu mawili tu haistahili faharasa, ile orodha inayoonyesha mistari iko wapi. Kanuni hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye faida.

Mchungaji wa uwanda wa Dodoma mwenye kundi la ng'ombe, nusu weusi na nusu weupe, hana haja ya orodha ya weupe. Akiwataka atalipitia kundi zima. Lakini wakiwapo watatu wenye jeraha, anawakumbuka hao watatu. Kanzidata hufikiri vivyo hivyo, ila kwa hesabu. PostgreSQL husoma kurasa za kilobaiti 8. Chukua jedwali la mistari 1,000,000, kila ukurasa ukibeba mistari 100: ni kurasa 10,000. Nusu ya mistari ikiwa na ndiyo, kila ukurasa utakuwa nazo kama 50, na faharasa itakurudisha kwenye kurasa zile zile kwa njia ya mzunguko. Kipangaji, ile sehemu inayochagua njia ya kulijibu swali kabla halijajibiwa, kwa viwango vyake vya kawaida huhesabu 1 kwa ukurasa unaosomwa kwa mfululizo, 4 kwa ukurasa unaoendewa kwa kurukaruka, 0.01 kwa kila mstari na 0.0025 kwa kupima sharti lake. Kulisoma jedwali zima hugharimu 22,500. Sasa ndiyo zikiwa 2,000 tu, hata kila moja ikikaa ukurasa wake peke yake, gharama haizidi sana 8,000. Majibu bado ni mawili. Kilichobadilika ni uchache wa jibu linalotafutwa, na kipangaji kinaujua kutokana na sampuli ambayo amri ya ANALYZE huichukua, kwa kawaida mistari 30,000.

Atakayesema kwamba basi faharasa ya kawaida inatosha ana hoja, kwani kipangaji kitaitumia kwa upande ule adimu. Lakini faharasa hiyo itabeba pia maingizo 998,000 ambayo hakuna anayeyatafuta, na kila mstari mpya utailipia. Faharasa ya sehemu, ambayo Michael Stonebraker aliitetea tangu 1989, huorodhesha mistari inayotimiza sharti tu. Mstari wenye hapana hauigusi. Tena inaweza kupangwa kwa safuwima nyingine, tuseme kituo na mwezi, hata swali la takwimu zilizofutwa Chamwino mwezi fulani likajibiwa kwa hatua moja. Ila tahadhari: ukiweka sharti la zisizofutwa, umeorodhesha karibu jedwali lote na hukuokoa kitu. Kazi inayonufaika ni ile ya kuziondoa kabisa zilizokwisha kufutwa.

Lawama inayosikika zaidi ni kwamba faharasa imetengenezwa na kipangaji hakiioni. Mara nyingi kosa liko kwenye swali. Kipangaji hutaka uthibitisho, wakati wa kupanga na si wakati wa kutekeleza, kwamba kila mstari unaotakiwa na swali umo ndani ya sharti la faharasa. Programu ikiacha thamani ijazwe baadaye, na mpango ukawa mmoja kwa thamani zote, uthibitisho haupo, kwa sababu kitakachojazwa huenda kikawa hapana. Safuwima ikiruhusu nafasi tupu, swali la "si ndiyo" hukusanya hapana na tupu pia, na faharasa ya hapana peke yake haiwezi kulihudumia. Wanaokiita kipangaji kijinga kwa hili wanakionea: kikibahatisha, taarifa ya wilaya itatoka na mistari pungufu, na hakuna atakayegundua. Afadhali jibu linalochelewa.

Gharama iliyobaki ni ya kweli. Alama ikibadilishwa, PostgreSQL haiwezi kutumia njia yake ya mkato ya kusasisha mstari bila kugusa faharasa, kwa hiyo alama inayogeuzwa kila dakika si mahali pa faharasa hii. Na jedwali la zahanati moja, lenye mistari elfu chache, liache lilivyo: kurasa zake zitasomwa zote kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe.