Abdulkarim Karimjee: Mfanyabiashara, Spika na Mfadhili

Abdulkarim Karimjee alizaliwa katika ukoo wa wafanyabiashara wa Kihindi, Waislamu wa madhehebu ya Bohora waliotoka Kutch, India, na kuanza biashara Zanzibar karne ya 19. Ukoo huo baadaye uliingia katika mkonge, zao lililojenga Tanga na Korogwe: manamba, yaani vibarua wa mkataba, walikata majani, yakapita kwenye korona, mashine ya kutenga nyuzi, singa zikaanikwa juani na kufungwa marobota, kisha marobota yakasafirishwa kwa reli hadi bandarini. Jasho hilo la manamba lisisahaulike utajiri wa mkonge unapotajwa.

Katika siasa, Abdulkarim alikuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha Spika wa Bunge la Tanganyika kuanzia 1956 hadi 1962, akilivusha katika uhuru wa 1961. Ukumbi wa Karimjee, alikokalia kiti cha Spika, ulikuwa zawadi ya ukoo wake kwa mji wa Dar es Salaam.