Figo zinaharibika mbele mugonjwa afike ku hospitali

Ku machimbo ya Masisi na Walikale, homa yote inaitwa malaria. Mutu anatapika, tumbo linamuuma, anapumua mbiombio, akili inaanza kumupotea: watu wanasema ni malaria. Dawa ikishindwa, wanasema ni karuho, amelishwa sumu. Sisi wa sendika tumesikia maneno hayo Rubaya, tumeyasikia Bisie. Mara nyingi ni malaria kweli. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaofanana nayo, na huo unapiga figo upesi. Waganga wanauita ketoasidosi. Unatoka ku ugonjwa wa sukari, ile diabeti, na unaweza kumukamata hata kijana ambaye hakujua kama yuko na sukari.

Namna unavyofanya kazi ni hii. Insulini ndiyo inafungulia sukari mulango iingie ndani ya mwili. Insulini ikikosekana, sukari inabaki ku damu, na mwili unasikia njaa hata kama mutu ametoka kula fufu. Unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Mafuta yakichomwa hivyo yanatoa ketoni, ambazo ni asidi, na damu inakuwa kali. Ndiyo maana mugonjwa anapumua kwa nguvu na kwa kina, sawa mutu aliyepanda kilima na muzigo, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Wengine wanafikiri amekunywa kasiksi.

Sasa tuje ku figo. Siku zote figo zinarudisha sukari ku damu, hazikubali ipotee. Lakini sukari ikipita karibu miligramu 180 kwa desilita, zinashindwa, sukari inamwagika ku mukojo. Haitoki peke yake: inavuta maji, na maji yanabeba chumvi na potasiamu. Mutu mukubwa anaweza kupoteza lita 6, ni kusema zaidi ya bidoni nzima ya lita 5. Kutapika kunaongeza. Damu inapunguka, na mwili unatumikia moyo na ubongo kwanza. Figo zinabakia na kidogo.

Ninyi munaosafisha kasiterite munajua: maji yakikatika ku mufereji, kazi inasimama. Mwanzoni figo nayo imesimama tu, haijafa. Maji yakirudi upesi, inaanza tena. Lakini saa zikipita, mifereji midogo iliyo ndani ya figo inaanza kufa, na hapo serumu peke yake haitoshi. Kuna wanaongoja majuma, kuna wanaohitaji mashini ya kusafisha damu.

Si jambo la mara moja moja. Ku hospitali moja ya watoto katika muji wa Vancouver, Kanada, waganga walichunguza watoto 165 walioingia na ketoasidosi. Watoto 106 kati yao figo zilikuwa zimeguswa, ni kusema 64 kwa 100. Waliohitaji mashini walikuwa 2 tu. Lakini ile ni Vancouver, ambulansi inafika, serumu iko.

Kwetu saa ndizo zinakosekana. Mugonjwa anatoka ku kilima ku kipoyi, vijana wanapokezana mabegani, kisha moto, kisha barrière. Mwezi wa 1 mwaka 2025 vita vilifika Goma, mwezi wa 3 vikafika Walikale-centre. Mwenye kutumia insulini anakimbia na watoto na godoro, chupa ya dawa inabakia ku nyumba. Siku chache bila insulini zinatosha kumuangusha.

Na kuna mambo tunayofanya wenyewe kwa nia nzuri. Mugonjwa anatapika, anapewa kinini ndani ya serumu ya glikoze bila kupimwa sukari: ni kuongeza sukari juu ya sukari. Mwingine anapewa majani ya kutapisha ili atoe karuho, na maji yaliyobaki yanaisha. Tena ile diklofenaki tunayomeza kila jioni juu ya mugongo: inapunguza damu inayoingia ku figo. Kwa mutu aliyekauka maji ni hatari kubwa. Mama watwangaji wanaimeza sawa wanaume.

Mugonjwa wa sukari akianza kutapika, asiachishwe insulini eti kwa sababu hakukula. Anywe maji kidogo kidogo kama anaweza, na safari ianze palepale. Tunasema hospitali, si duka la dawa, maana insulini inaingiza potasiamu ndani ya seli, na potasiamu ikishuka sana ku damu moyo unaweza kusimama. Lazima muganga aifuate saa kwa saa.

Watu wanatuambia diabeti haiwezi kutunzwa katika vita. Ku Mweso, humu humu Masisi, Médecins Sans Frontières walitunza wagonjwa wa sukari wakati mapigano yanaendelea. Na wale wanaosema insulini haiwezi bila frigo, wajue kwamba Médecins Sans Frontières pamoja na Chuo Kikuu cha Genève walipima jambo hilo ku kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini ilibaki nzuri majuma 4 ku joto la kati ya digri 25 na 37. Nyungu yenye maji, mahali pa kivuli, inasaidia.

Kwa hiyo ku orodha ya maombi tunayopelekea makoperative tumeongeza kitu kidogo: glikometri na bandeleti zake ku kila poste ya afya karibu na karé, na serumu ya chumvi isikosekane. Tone moja la damu ku kidole, mbele ya serumu yoyote ya glikoze. Glikometri inaingia ku mufuko wa koti. Wakijibu kwamba hakuna franga, tutawauliza ile wanayokata ku kila kilo inaendaga wapi.