Video fupi kutoka Mombo: namna ya kuipiga, kuihariri na kuifikisha kwa watu

Ukikaa stendi ya Mombo nusu saa tu, utaona simu ngapi zimeinuliwa juu. Abiria anarekodi milima ya Usambara kupitia dirisha la basi. Kijana wa bodaboda anajirekodi akicheza muziki. Muuza matunda naye amewekewa simu usoni na mteja ambaye hata salamu hakutoa. Video zinapigwa kila siku hapa njia panda ya Lushoto. Lakini wasikilizaji wetu wengi wanauliza swali moja: mbona nikiposti video zangu hazifiki popote, na bando linaisha?

Makala hii inaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, kwa mtu mwenye simu ya kawaida na bila fedha ya kununua kamera. Pia inaeleza fedha inatoka wapi, maana hapo ndipo vijana wengi wanadanganywa.

Somo kutoka barabara hiyohiyo

Ukipanda basi Mombo kwenda Dar es Salaam, baada ya Korogwe, Segera, Mkata na Msata unaweza kupita Lugoba, mkoani Pwani. Huko ndiko Kili Paul, kijana wa Kimaasai wa kijiji cha Mindu Tulieni, alikuwa akienda kuchaji simu, kwa sababu kijijini kwao hakukuwa na umeme. Mwaka 2021 yeye na dada yake Neema walijirekodi wakifuatisha kwa midomo wimbo wa filamu ya Kihindi iitwayo Shershaah. Video hiyo ilisambaa India nzima. Februari 2022 Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ulimpa Kili heshima, na mwezi huohuo Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja ndugu hao wawili kwenye kipindi chake cha redio.

Wengi husema ni bahati. Bahati ipo, lakini itazame video yenyewe. Hawakuvaa kama watu wa mjini. Wamesimama nyumbani kwao, wamevaa shuka, kwenye mwanga mzuri. Midomo yao inakwenda sawasawa na wimbo, jambo ambalo huwezi kulifanya bila mazoezi mengi. Na video ni fupi. Mtu wa Mumbai hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho.

Somo si kwamba na sisi tuimbe Kihindi. Somo ni kwamba kitu ulicho nacho wewe na mwenzako hana, ukikionesha vizuri kwa muda mfupi, kina nafasi kuliko kuiga anachofanya kila mtu. Mombo ina vitu vya namna hiyo vingi: mpunga wa skimu, mboga na matunda yanayoshuka kutoka Lushoto, katani, mafundi, mapishi ya Kisambaa na Kizigua, hadithi za wazee.

Kabla ya kuwasha kamera

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Tuseme wewe ni kijana unayeuza mchele wa Mombo, na unataka wateja wa Tanga, Arusha na Dar es Salaam.

Jiulize maswali mawili. Video hii ni ya nani? Na akimaliza kuitazama, ajue jambo gani moja? Jibu liwe dogo. Kwa mfano: "Mama anayenunua mchele Dar ajue kwamba huu haujachanganywa." Ukitaka pia kueleza historia ya skimu, aina za mbegu na shida za maji, hizo ni video nyingine. Usizibane zote kwenye moja.

Kisha andika kwenye karatasi vipande utakavyopiga:

1. Mkono ukichota mchele kwenye gunia, karibu kabisa: sekunde 3.
2. Mashine ya kukoboa ikimwaga mchele: sekunde 5.
3. Mchele ukipimwa kwenye mizani, namba zikionekana: sekunde 5.
4. Wewe mwenyewe ukisema bei na jinsi mzigo unavyosafirishwa: sekunde 10.
5. Wali kwenye sahani, ukitoa mvuke: sekunde 4.

Jumla ni sekunde 27. Karatasi hiyo itakuokolea chaji, nafasi ya simu na muda.

Kupiga video

Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Ni jambo dogo, lakini mafuta ya vidole ndiyo huleta ukungu kwenye video nyingi. Weka simu kwenye hali ya ndege ili mtu asikupigie katikati ya kazi. Shika simu wima, kwa sababu TikTok, Facebook na YouTube huonesha video fupi zikiwa wima.

Jua la Mombo saa sita mchana hutia kivuli kizito machoni na kuufanya mchele mweupe uonekane kama chokaa. Piga asubuhi au saa kumi jioni. Anayerekodiwa autazame mwanga, asiupe mgongo. Kama mko ndani, msogee karibu na mlango au dirisha.

Usitembeetembee na simu. Egemea ukuta au weka simu juu ya gunia. Hesabu hadi tano kila kipande kabla ya kuzima, hata kama utatumia sekunde tatu tu. Ukitaka kitu kionekane kikubwa, sogea wewe. Ukivuta picha kwa vidole, inapoteza ubora.

Sauti ndiyo inayoharibu video nyingi kuliko picha. Mashine ya kukoboa, honi za mabasi na upepo wa mlimani humeza maneno. Chukua picha ya mashine, kisha nenda chumbani, karibu na godoro au nguo zilizotundikwa, urekodi maneno yako huko. Ukiwa na spika za masikioni zenye kipaza sauti, kiweke chini ya kidevu. Maneno hayo utayaweka juu ya picha wakati wa kuhariri.

Kuhariri kwenye simu

Programu kama CapCut na InShot zina sehemu za bure zinazotosha kazi hii. Ukishaiweka kwenye simu, kazi ya kukata na kuunganisha haihitaji bando kubwa. Bando huenda zaidi wakati wa kupakua muziki na mapambo, na wakati wa kuposti.

Fanya mambo manne tu. Kwanza, kata mwanzo na mwisho wa kila kipande, pale mkono unapotetemeka kugusa kitufe. Pili, weka kipande chenye nguvu mbele. Mtazamaji hupitisha video kwa kidole ndani ya sekunde mbili au tatu. Ukianza na "Habari zenu, karibuni tena kwenye ukurasa wangu", ameshaondoka. Anza na mchele ukimwagika. Tatu, weka maandishi mafupi na makubwa, kwa sababu wengi hutazama wakiwa kwenye daladala na sauti wameizima. Andika bei pamoja na tarehe, ili mteja atakayeiona baada ya miezi mitatu asije akakugombeza. Nne, shusha muziki hadi maneno yasikike.

Muziki una mwenyewe. Nyimbo zinazotolewa ndani ya TikTok zinatumika humohumo kwa masharti yao. Ukiuchukua wimbo huo na kuupeleka YouTube, mfumo wao unaweza kuutambua, na fedha ya matangazo ikaenda kwa mwenye wimbo au video ikazuiwa. Hapa nchini pia kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ngoma ya kijijini kwenu uliyoirekodi kwa ruhusa ya wachezaji itakupa amani zaidi.

Mwisho, angalia ukubwa. Dakika moja iliyorekodiwa kwa 1080 inaweza kufika MB 100 au zaidi kwenye simu nyingi. Ukihifadhi kazi iliyohaririwa kwa 720, itapungua sana na bado itaonekana vizuri kwenye simu. Tunza nakala isiyo na nembo ya mtandao wowote, uitumie kote.

Kuifikisha kwa watu

Andika maelezo ambayo mtu angeyatafuta: "Mchele wa Mombo, Korogwe, bei ya jumla". Maneno kama "Usipitwe na hii" hayamwambii mtu wala mtandao kwamba una mchele.

Posti video ileile TikTok, Facebook na YouTube, kisha itume kwa watu wako wa WhatsApp. Watazamaji wa kwanza mara nyingi ni wanaokujua: waliosoma nawe, ndugu waliohamia mjini, wenyeji wa Korogwe na Handeni walio mbali na nyumbani. Hao ndio wataisambaza.

Jibu maswali siku hiyohiyo. Mtu akiuliza "Arusha mnafikisha?", hilo ni soko, na pia ni wazo la video inayofuata. Chagua siku moja kila wiki na uishike. Mitandao mingi huonesha pia watu walitazama kwa muda gani. Kama wengi wanaondoka sekunde ya nne, rudi uone sekunde ya nne ina nini.

Usinunue wafuasi. Wanaouzwa hawali wali wako, na YouTube na TikTok zinakataza. Na mtu akikuomba namba za siri zilizoingia kwenye simu yako kwa ahadi ya "kukukuza", anataka kukuibia akaunti. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na hakikisha akaunti inatumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako.

Fedha inatoka wapi?

Hapa tuseme ukweli. Kupata sehemu ya fedha ya matangazo ya YouTube kunahitaji wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au kutazamwa mara milioni 10 kwa video fupi ndani ya siku 90. Ukivuka hapo, malipo hayatoki mpaka yafike dola 100 za Marekani. Salio likifika dola 10, Google hutuma namba ya uthibitisho kwa barua ya posta, kwa hiyo utahitaji sanduku la posta linalokufikia. Mpango wa TikTok wa kulipa kwa watazamaji upo katika nchi chache tu, na Tanzania haimo.

Sasa linganisha. Video ya mchele iliyotazamwa na watu 300 haina malipo yoyote mtandaoni. Lakini kati ya hao 300, wawili wakinunua gunia mojamoja, umeshalipwa. Kwa mtu wa Mombo, video fupi ni tangazo la kazi yake kabla ya kuwa kazi yenyewe. Anayekuambia uache shamba au bodaboda kwanza, mwulize yeye anauza nini. Mara nyingi anauza "mafunzo".

Ruhusa, sheria na ajali barabarani

Kabla ya kumrekodi mtu, mwombe. "Shikamoo bibi, naomba nikurekodi unavyopepeta, niweke mtandaoni watu waone." Mwambie itakwenda wapi. Akikataa, basi. Kwa mtoto, mwombe mzazi au mlezi. Tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo heshimu picha ya mtu hata kama amesimama sokoni.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuchapisha taarifa za uongo kwa kujua kuwa kosa. Ziko pia kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, zilizorekebishwa 2022. Kama unataka ukurasa wako uwe wa kutoa habari, waulize TCRA kuhusu leseni kabla ya kuanza.

Liko jambo jingine linalotugusa sisi tunaoishi kando ya barabara kuu. Ajali inapotokea, wapo wanaokimbilia kurekodi majeruhi na maiti kwa sababu video hizo hutazamwa sana. Fikiria mama aliyeko Moshi anafungua simu na kumwona mwanawe amelala barabarani, kabla hata polisi hawajampigia. Huwezi kumrudishia saa hiyo. Mikono iliyoshika simu inahitajika kuita msaada, kuelekeza magari na kuwafunika waliofariki. Watazamaji unaowapata kwa njia hiyo hawatanunua chochote kwako kesho, na majirani zako watakumbuka.

Kwa hiyo wiki hii anza na video moja. Sekunde 27, jambo moja, vipande vitano. Muoneshe mtu mmoja asiyekuheshimu sana, umuulize ameelewa nini. Akijibu kile ulichokiandika kwenye karatasi, iposti. Akijibu kingine, rudi kwenye gunia upige upya.