Pesa na Hela: Khabari za Sarafu Tunazozishika



Baada ya kumaliza kuanika na kupima karafuu za msimu uliopita, nalifunga safari kwenda bara kumtazama binti yangu aliyeolewa Babati. Mji huo uko kando ya njia kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, una ziwa lenye viboko, na tangu mwaka 2002 ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Siku ya pili nalikwenda sokoni kununua mbaazi, zao ambalo watu wa huko hulitegemea kama sisi tunavyoutegemea mkarafuu. Nikatoa noti ya shilingi 2,000. Muuzaji, mama wa makamo, akaniuliza: "Mzee, huna hela ndogo?" Nikamjibu: "Pesa ndogo sina, mwanangu." Akacheka, akasema, "Mzee watoka pwani." Alinijua kwa neno moja tu.

Katika chenji alinipa sarafu ya shilingi 500. Nikaigeuza. Upande mmoja nyati, upande wa pili sura ya Marehemu Sheikh Abeid Amani Karume. Nalifurahi kumkuta mtu wa kwetu katika soko la wauza mbaazi, lakini maneno yale mawili, pesa na hela, ndiyo yaliyobaki kichwani mwangu njia nzima ya kurudi. Maana yote mawili ni majina ya sarafu zilizokwisha kufa.

Tuanze na letu. Pesa ni neno lililotoka Bara Hindi, jina la sarafu ndogo ya shaba, na zamani pesa 64 zilifanya rupia moja. Kabla ya rupia kushika nguvu, wazee wetu waliuza karafuu kwa reale, khasa ile reale ya Sham yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Ajabu ya reale ile ni kuwa zote zimeandikwa mwaka 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, ingawa ziliendelea kupigwa miaka mingi baadaye. Wanunuzi walikwisha izoea sura ile na hawakutaka nyingine. Mwaka 1882, yaani 1299 Hijria, Sultani Barghash bin Said naye alitengenezesha sarafu zake Ubelgiji. Ile ya shaba ilipigwa chapa ya mizani. Mkulima wa karafuu hana haja ya kuelezwa mizani ina kazi gani.

Yafaa tuseme na hili. Mpaka utumwa ulipopigwa marufuku kwa sheria mwaka 1897, wengi waliopanda juu ya mikarafuu hawakuziona reale hizo. Ndipo baadaye mchumaji akaanza kulipwa pesa zake kwa kila pishi.

Hela ilikuja kwa njia nyingine. Mdachi alipotawala bara alipiga rupia na pesa zake mwenyewe, lakini hesabu ya 64 ilimchosha. Mwaka 1904 akaigawa rupia katika sehemu 100, kila moja ikaitwa Heller kwa lugha yake, na watu wakaitamka hela. Sasa fikirini, hela hiyo ilifikaje kwa watu wa upande wa Babati, Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe na Wabarbaig, ambao mali yao ilikuwa ng'ombe, asali na nafaka? Haikwenda kununua kwanza. Ilikwenda kudaiwa. Serikali ya Mdachi iliweka kodi ya nyumba mwaka 1898, na baadaye ikataka kodi ilipwe kwa fedha taslimu, rupia tatu kwa mwaka. Mtu mwenye zizi limejaa alijikuta siku moja ni maskini, kwa kuwa karani wa kodi hakumpokea mtamba wala mzinga wa asali. Auze ng'ombe kwa bei ya mnunuzi, au aende mashamba ya mkonge akatafute vijisarafu vile. Hii ndiyo siri ya sarafu. Madini yake ni kitu kidogo. Nguvu yake ni kuwa yuko mwenye mamlaka anayeidai, na atakayeipokea ukimrudishia.

Mamlaka ikiondoka, ndipo khasara huonekana. Katika Vita Kuu Mdachi alikatikiwa na njia ya baharini, akawa anapiga sarafu zake Tabora, katika karakana ya reli. Mwaka 1916 alipiga hata rupia 15 za dhahabu, zapata 16,000, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke, upande wa Singida. Alichapa na noti za karatasi kwa haraka. Alipofukuzwa, aliyekuwa na rupia ya fedha alibaki na fedha yake, na aliyekuwa na noti alibaki na karatasi. Dola ile ilikwisha, lakini jina la senti yake lingali midomoni mwa yule mama wa Babati.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza bara mwaka 1921, ikiwa na simba. Sisi visiwani tuliipokea mwaka 1936, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Pamoja nayo zikaja senti zenye tundu katikati, zilizozungukwa na pembe za ndovu, ambazo mama zetu walizitunga katika uzi ili zisipotee. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwaka 1966, na sarafu zake zikafuata: samaki, mbuni, sungura na mwenge.

Desturi ya kuficha nayo si ya jana. Mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua hapa kwetu Mtambwe Mkuu sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za Makhalifa wa Fatimiyya. Sarafu nyingine za aina hiyo zimeandikwa jina la mtawala upande mmoja na sifa za Mwenyezi Mungu upande wa pili, na maandishi yenyewe yana vina kama shairi. Aliyezifukia, yapata miaka elfu iliyopita, hakurudi kuzichukua.

Nalieleza haya kwa kuwa nami yamenifika. Benki Kuu ilitangaza kuwa noti kadhaa zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025, na baada ya hapo si fedha halali tena. Mwezi wa Mei nikafungua kasha la marehemu mama yangu. Chini ya kanga mlikuwa na noti za zamani zifikazo shilingi 87,000, zimefungwa kwa ukili. Ni akiba yake ya makonyo na karafuu za kuokota, senti kwa senti. Nalichelewa mwezi mmoja. Najua wako wanachama wengi wenye makasha kama hilo, na wengine hawajayafungua mpaka leo.

Pembeni ya kasha mlikuwa na senti tano zenye tundu, na reale moja ya Sham. Reale nalimpelekea sonara mjini. Hakutazama sura ya malkia wala mwaka. Aliiweka katika mizani, ikawa gramu 28, akanitajia bei. Sikuiuza. Senti zenye tundu nalikwenda nazo Babati, nikampa mjukuu wangu, akazitia uzi na kuzivaa shingoni. Akaniuliza: "Babu, hizi ni hela?"

Nikamwambia zilikuwa pesa.