Injini ya Merlin Juu ya Mlima Kenya

Waingereza wakiisifu injini ya Merlin huanza na vita vya angani juu ya London mwaka 1940. Meru na Embu nazo zina sehemu katika historia hiyo, ingawa hazitajwi. Kuanzia mwishoni mwa 1953 hadi 1955, ndege za Lincoln, kila moja ikibebwa na Merlin nne, zilipaa kutoka Eastleigh, Nairobi, kwenda kumwaga mabomu katika msitu wa Mlima Kenya, maficho ya Mau Mau, wapiganaji walioasi utawala wa kikoloni. Naamini injini ile ilikuzwa kushinda kizuizi kimoja, nao msitu ukawa na kizuizi cha namna nyingine kabisa.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa hewa. Merlin, yenye silinda 12 na ujazo wa lita 27, iliwashwa mara ya kwanza na kampuni ya Rolls-Royce mwaka 1933. Ndege ikipanda, hewa huwa nyepesi na injini ya pistoni hukosa pumzi. Kwenye Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, mita 5,199, mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa Mombasa. Dawa yake ilikuwa supachaja, pangaboi linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Stanley Hooker, mwanahisabati aliyeingia kampuni hiyo 1938 bila uzoefu wa injini, alilipigia hesabu upya. Kufikia 1942 Merlin za ndege za kivita za Spitfire zilikuwa na supachaja ya hatua mbili, na hewa ikipozwa kabla ya kuingia kwenye silinda. Nguvu farasi 1,000 hivi za mwanzo zikapita 1,500, na ujazo ukabaki lita zile zile 27. Kazi hiyo naivulia kofia.

Lakini Mau Mau hawakuwa na ndege hata moja. Rubani wa Lincoln hakuwa na wa kushindana naye kwa kimo wala kwa mbio. Alihitaji kuona tu, na chini ya mianzi hakuonekana mtu. Kuna watakaosema mabomu yaliua, yakatisha, na hatimaye uasi ukazimwa. Yaliua kweli, na yaliwahangaisha wapiganaji. Ila tazama serikali ya kikoloni iliweka wapi tegemeo lake: ilisomba watu ikawafungia katika vijiji vya lazima, ikawashurutisha raia, wanawake kwa wanaume, kuchimba handaki kwa majembe kandokando ya msitu ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Lau Merlin zingetosha, jembe lingekuwa la nini? Lincoln ziliondoka Kenya mwaka 1955. Musa Mwariama wa Meru, kiongozi wa Mau Mau, alitoka msituni 1963, mwaka wa uhuru, akiwa hajawahi kukamatwa.