Ndagala wamepungua: ni joto au ni nyavu?

Mama wa nyumbani aendaye soko la Ruvumera, katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, hana haja ya kuambiwa na mtaalamu kwamba ndagala wamekuwa adimu. Samaki hao wadogo, ambao huko Kigoma huitwa dagaa, walikuwa kitoweo cha mtu wa kipato cha chini. Leo fungu dogo humfanya mnunuzi azihesabu fedha zake mara mbili. Mukeke, yaani mgebuka, amekuwa samaki wa wageni na sikukuu. Sababu ya upungufu huo imewagawa wataalamu kwa zaidi ya miaka 20.

Ubishi wao hauwezi kufahamika bila kulijua ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470, na maji yake hayachanganyiki mpaka chini. Rutuba nyingi imelala vilindini, mahali pasipo na oksijeni. Upepo wa kusini, uvumao hasa kati ya Mei na Septemba, huyavuruga maji na kuipandisha sehemu ya rutuba hiyo penye mwanga wa jua. Huko huota mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ikaliwa na vidudu vya majini, navyo vikaliwa na ndagala. Lakini maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale mazito ya chini kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo hushindwa kuyakoroga.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba, kwa sababu ya joto hilo na kupungua kwa upepo, uotaji wa mimea hiyo huenda umeshuka kwa kadiri ya asilimia 20, na mavuno ya samaki kwa kadiri ya asilimia 30.

Mwaka 2006 Jouko Sarvala wa Finland na wenzake walipinga. Walisema kuwa hesabu za samaki waliovuliwa hufuata zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe: wingi wa vyombo, aina ya nyavu na mahali pa kuvulia. Bujumbura ni shahidi wa hoja hiyo. Katika miaka ya 1950 Wagiriki walianzisha hapa uvuvi wa meli zenye nyavu kubwa za kuzungushia, na kufikia miaka ya 1990 uvuvi huo ulikuwa umekwisha nguvu. Tena nchi ikaingia vitani mwaka 1993. Hesabu za miaka kama hiyo zataka uangalifu.

Hapa wengi hukosea. Wakisikia kuwa wataalamu wamebishana, hudhani kwamba hata joto lenyewe lina shaka. Sivyo. Vipimo vilivyochukuliwa ziwani tangu mwaka 1913 vyaonyesha kuwa maji yamepata joto, na jambo hilo silo lililogombaniwa. Kilichogombaniwa ni fungu la joto na fungu la nyavu katika hasara hii.

Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichunguza tope la chini ya ziwa, ambamo mabaki ya samaki hulala tabaka kwa tabaka, wakaona kuwa upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Matokeo hayo yaliipa nguvu hoja ya joto, ila hayakuwaondolea lawama wenye nyavu za macho madogo.

Nchi 4 za ziwa hili zilitia sahihi mkataba mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Tanzania ilifunga uvuvi katika sehemu yake kwa miezi 3 kuanzia 15 Mei 2024. Hatua hiyo ni ya haki, maana nyavu zaweza kuamriwa kutoka ufukweni, lakini joto latokana zaidi na moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali.

Hata hivyo, mwanamke aanikaye ndagala mchangani hukaa miezi hiyo bila biashara. Ndagala huishi kadiri ya mwaka mmoja tu, hivyo faida ya kuwapumzisha yapasa kuonekana mapema. Ziwa likifunguliwa, yeye atakuwa miongoni mwa wa kwanza kujua kama mitumbwi imerudi imejaa.